Damu ya Motari

"Dada, ni damu yangu?"

Swali hilo lilinishinda. Aliniuliza uani mwa hospitali, mbele ya beseni nililokuwa nafulia mashuka ya kaka yangu, mikono yangu ikiwa na povu hadi viwiko. Alikuwa motari, kijana wa pikipiki ya abiria kama walivyo maelfu pale Bunia. Kaski yake, kofia ngumu ya pikipiki, alikuwa ameikumbatia tumboni kama mtu aliyebeba chungu cha moto. Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kulala na swali, akaamka nalo, akaliendesha barabarani siku nzima, na sasa analileta kwa mtu aliyesoma.

Nami nilikuwa nimesoma. Nilikuwa mwaka wa pili wa biolojia huko Kisangani, nimerudi nyumbani kwa sababu maprofesa walikuwa wamegoma. Nyumbani walinijua kama mtu wa maswali. Nilimuuliza pasta kwa nini Mungu alihitaji siku ya kupumzika. Nilimuuliza baba kwa nini ng'ombe wa mahari huchunguzwa meno na kwato, ila bwana harusi hachunguzwi chochote. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akiwaambia wageni: "Huyu mutoto, ukimupa maji ya kunywa anauliza kwanza mutungi ilitengenezwa na nani." Nilizoea kuuliza. Kuulizwa sikuzoea.

Kaka yangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua kwa wafugaji upande wa Marabo, akaleta machinjioni mjini. Siku aliyoumia nilimfuata kwa kuchoka tu kukaa nyumbani. Kulikuwa na dume moja jekundu lililokataa kupanda lori. Walilivuta kwa kamba, wakalisukuma, wakalipiga kwa fimbo, nalo likasimama tu pale penye ubao wa kupandia kama mtu aliyeambiwa asaini asichokisoma. Kaka akaenda kulishika pembe na kuliongelesha, kama alivyozoea. Dume likageuza kichwa mara moja. Haikuwa hata hasira. Lilikuwa kama linafukuza nzi. Pembe ikaingia upande wa ndani wa paja.

Damu ilitoka kwa kuruka. Nilivua kikwembe changu cha juu, kitenge cha kujifunga, nikafunga juu ya kidonda, nikakaza kwa fimbo ileile waliyokuwa wakilipigia dume, na damu ikapungua lakini haikukoma. Lori lilikuwa limeshaelekezwa kwingine, limejaa wanyama, haliwezi kugeuka kwenye njia ile nyembamba. Motari yule alikuwa ndiyo kwanza amemshusha mama mmoja mwenye magunia ya maharage. Alitazama mara moja tu.

"Mumupandishe. Weye dada, kaa nyuma yake, mushike kama mutoto."

Ndivyo tulivyokwenda, kaka katikati, kichwa chake kimelala mgongoni kwa motari, mimi nyuma nimemzungushia mikono na miguu. Barabara ilikuwa na mashimo na vumbi jekundu lililoingia hadi kwenye meno. Motari hakunyamaza njia nzima, akimtishia kaka kwa askari wa vizuizini.

"Patron! Usilale! Ukilala ninakushusha ku bariere, basoda bakuulize karte ya uchaguzi!"

Kaka alijibu kitu nisichosikia.

"Anasema nini?" nikapiga kelele.

"Anasema karte yake iko mu suruali ingine! Vizuri, anaongea!"

Kwa matamshi yake nilijua ni wa upande ule tuliopigana nao wakati wa vita. Watu wa Bunia wataelewa bila mimi kusema zaidi. Ilikuwa miaka ya amani, au tuliita hivyo: mchana tulinunuliana nyanya na samaki, tukasalimiana kwa heshima, na jua likielekea kuzama kila mmoja akakumbuka mtaa wake. Askari wa kigeni walipita na magari yao meupe. Hakuna aliyepigana na hakuna aliyesahau. Nikiwa nyuma ya pikipiki ile, uso wangu umegusa mgongo wa kaka na mgongo wa kaka umegusa wa yule kijana, niliwaza upumbavu huu: hatujawahi kukaribiana na mtu wao hivi. Nikaona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikihubiri nyumbani kwamba pande hizo ni hadithi za wazee.

Hospitalini daktari alifunga mshipa uliokatika. Alitoka akasema mshipa si tatizo tena. Tatizo ni kwamba mgonjwa amebaki na damu kidogo mno, na friji ya damu haina kitu. Familia itoe. Walinipima mimi, gurupu yangu ya damu ikakataa. Baba alikuja mbio kutoka nyumbani, akapimwa, wakamwambia presha yake iko juu sana. Shangazi alisema yake ilikwisha yote kwa kuzaa, na kama kuna iliyobaki ni ya kuwatukania wakwe.

Motari alikuwa bado uani, anaosha kiti chake kwa maji ya ndoo. Alisikia tunahangaika. Akakunja mkono wa shati.

"Bapime yangu."

Ikakubali. Mtu wa maabara alituambia gurupu ni sawa, vipimo vyote ni safi. Baba alimwona yule kijana akitoka na pamba kwenye mkono, akamtazama usoni kwa muda, kisha akanigeukia.

"Ni damu ya nani bataweka?"

"Ni ya mutu, papa."

Nakumbuka nilivyolisema. Nilikuwa na fahari. Miaka yote nilikuwa nikitafuta mfano wa kuwafunga watu midomo, na sasa mfano huo ulikuwa unaning'inia juu ya kitanda cha kaka yangu, unadondoka tone kwa tone. Baba akasema, "Basi baweke."

Kaka aliamka kesho yake. Midomo yake ilikuwa imerudiwa na rangi. Motari alipopita kumsalimia, kaka alimwambia kwa sauti ya chini: "Nikitoka hapa nitaendesha pikipiki bila kufundishwa."

"Na mimi nitajua kuuza ng'ombe?"

"Weye ulibakisha ingine ya ile damu. Itajua yenyewe."

Tukacheka wote, hata baba. Shangazi alimpa yule kijana ndizi za kuiva akaenda nazo kwenye maegesho yao, na nikasikia baadaye kwamba wenzake walimtania siku nzima, wakimwita shemeji ya ng'ombe.

Kisha pumzi ikaharibika.

Ilianza kama uchovu. Siku ya tatu asubuhi kaka alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, na yeye amelala. Kufikia mchana, kila alipovuta pumzi, nyama ya katikati ya mbavu ilizama ndani. Hakuwa na kikohozi cha maana. Paja lilikuwa safi, halinuki, halitoi usaha. Walimpiga picha ya kifua, daktari akaishika kwenye mwanga wa dirisha: mapafu yote mawili yalikuwa meupe kama yamejazwa pamba. Wakamwekea mashine ya oksijeni ambayo ilipigania umeme na kila kitu kingine ndani ya jengo lile. Jenereta ilipokohoa, sote tulikohoa nayo.

Nilimfuata daktari ukumbini. Alikuwa mtu mwema, aliyechoka.

"Kwa nini mapafu, dokta? Aliumia paja."

"Baada ya kupoteza damu nyingi hivi, mara ingine inatokeaga, mademoazele."

"Inatokea kwa njia gani?"

"Inatokeaga," alisema, na akaingia kwa mgonjwa mwingine.

Siku hiyohiyo motari alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi, akasikia ile pumzi. Hakuingia. Nilimwona akirudi nyuma taratibu kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Kesho yake alasiri akarudi, akanikuta penye beseni, akaniuliza lile swali.

"Dada, ni damu yangu?"

Nilianza kumjibu kama kitabu. Nilisema gurupu zilipatana, nilisema vipimo vilikuwa safi, nilisema damu ni chembe na maji na chumvi. Alisikiliza kwa adabu yote.

"Ndiyo. Lakini ni yangu ndiyo ilimufanya vile?"

Je, nilijua? Sikujua. Nilijua damu haina kabila, lakini hilo silo aliloliuliza. Aliuliza kama kitu kilichotoka kwenye mkono wake ndicho kilichokuwa kinaziba kifua cha mtu mwingine, na mimi sikuwa na maelezo mengine ya kifua kile. Nilichukia watu wanaojifanya kujua. Nilichukia wachungaji, wanasiasa, na wazee wa kikao, wote kwa sababu hiyo moja. Ningewezaje kuwa kama wao?

"Sijue," nikamwambia.

"Haujue."

"Sijue kwa kweli. Hata dokta hajue."

Alitikisa kichwa polepole. Akavaa kaski yake akaenda, na mimi nikarudi kwenye mashuka, nikihisi, Mungu anisamehe, kwamba nimefanya jambo la uaminifu.

Jioni ile baba na shangazi walikaa kwenye banda la nyuma ambapo familia za wagonjwa hupikia, wakazungumza. Nilidhani watasema maneno ya chuki, nikajiandaa kupigana. Hawakusema. Shangazi alikuwa anakoroga uji, na alizungumza kama mtu anayeeleza namna ya kupokea wageni.

Zamani, alisema, kabla ya huu ubaya wote, mtu wa kwetu na mtu wa kwao waliweza kuwa ndugu. Walichanjana kidogo tumboni, wakachovya punje ya kahawa katika damu, kila mmoja akameza punje ya mwenzake. Halafu walikula pamoja, chungu kimoja, mbele ya watu. Damu isiyofuatwa na chakula ilikuwa hatari. Ilizunguka ndani ya mwili wa mwenzio kama mgeni aliyeachwa uwanjani, ikatafuta pa kukaa, ikakaa mahali pabaya.

"Shangazi, hii ni hospitali. Hakuna mutu alimeza kahawa."

"Damu iliingia ao haikuingia?"

"Iliingia, lakini..."

"Mimi sisemi damu ya bale batu iko mubaya," alisema, na akanielekezea mwiko. "Usiniwekee maneno mu kinywa. Ninasema iliingia bila hodi, na siye hatukuikaribisha. Tulimupa ndizi! Mutu anakupa damu, unamupa ndizi kama mutoto wa masomo!"

"Haiko ile, shangazi."

"Basi weye tuambie. Weye uko na iniversite. Ng'ombe alimuchoma paja. Nani alimuchoma mapafu?"

Baba alinitazama. Sijawahi kuona mtu akinitazama vile, akitumaini kabisa kwamba mara hii kiburi changu kina kitu ndani yake. Hakikuwamo kitu. Baba akageuka kwa dada yake na kusema, "Tupike."

Nilitumwa mimi kumwita motari. Nilikwenda kwenye maegesho yao penye barabara kubwa, nikamkuta kati ya wenzake, wameegemea pikipiki zao. Nilipomwambia familia inamwita kula, mmoja wao akasema bila hata kupunguza sauti:

"Usikule kule. Ule mutu akikufa leo, kesho utasema nini?"

"Batasema alikuja kumaliza kazi," mwingine akaongeza.

"Nyamazeni," motari akawaambia. Akanivuta pembeni. "Dada. Bananiita kwa sababu gani? Ukweli."

Nikamweleza punje za kahawa, chungu kimoja, damu iliyoachwa uwanjani. Niliongeza kwamba mimi siamini. Nilidhani kuongeza hivyo kutamsaidia.

"Wazee wa kwetu pia walikuwa nayo," alisema. "Sawasawa vile." Uso wake ulikuwa umebadilika. Akaenda kwao kwanza, akarudi amevaa shati jeupe la kanisani, amejipaka mafuta usoni. Alikuwa anaogopa sana, na alikuja.

Shangazi alikuwa amepika bugali na nyama, chungu kimoja. Wagonjwa na watu wao walikusanyika kando ya banda kutazama, wa pande zote mbili, kwa maana magonjwa hayachagui mtaa. Kwa kuwa kaka hakuweza hata kuinua kichwa, baba alikaa mahali pake. Akanawa, akamnawisha yule kijana kwa mikono yake mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akimwagia maji mtu mdogo kwake kiasi kile. Akamega bugali, akachovya, akampa mkononi.

"Damu yako iko mu nyumba yetu," baba alisema. "Tulichelewa kukupokea. Ni siye tulikosa. Kaa."

Motari alikula. Shangazi akapiga vigelegele, na bibi mmoja wa upande ule, ambaye hatukumjua kabisa, akaitikia. Watu wengine walikuwa wanalia. Hata mimi nililia, huku nikijicheka moyoni kwa kulia. Mwishoni aliomba kumwona mgonjwa. Akasimama kando ya kitanda, akasema juu ya kelele za mashine: "Patron, nimekula kwenu." Kaka hakuweza kusema. Aliinua kidole kimoja juu ya shuka.

Na kaka akapona.

Si siku ileile, na shangazi hupenda kusahau hilo anaposimulia. Lakini kuanzia hapo pumzi haikuzidi kuharibika, kisha ikaanza kupungua kasi, mbavu zikaacha kuzama, na baada ya muda wakaondoa mashine wakampa mwingine aliyekuwa anaingoja. Nyumbani ilikuwa sherehe. "Umeona?" shangazi aliniuliza kila tulipokutana mlangoni. "Mwenye maswali, umeona?" Nilitabasamu tu. Nani angebishana na furaha ile? Watu wa mitaa miwili walikuwa wanalizungumzia jambo lile kwa uzuri, jambo adimu Bunia. Nikajiambia kwamba hata kama sababu si ya kweli, matunda yake ni mema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliacha swali lipite.

Siku niliyokuwa narudi Kisangani, motari ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege na sanduku langu mbele yake. Alikuwa kimya njia nzima, yeye ambaye hakunyamaza siku ya damu. Tulipofika alizima pikipiki.

"Ile chakula," alisema, "ilikuwa dawa."

"Ilikuwa heshima."

"Heshima haiponyeshake mapafu, dada. Alikuwa anakufa, nikakula, akapona. Kama dawa ya damu yangu ndiyo ilimuponyesha, basi ugonjwa yenyewe ilikuwa nini?"

Sikutegemea hesabu hiyo. Sisi sote tuliona karamu. Yeye peke yake aliona hukumu. Tulimkaribisha kwa upendo wote, na kwa kumkaribisha tulimthibitishia, mbele ya mashahidi, kwamba kitu kilichokuwa kinaua kilikuwa chake.

"Si lazima iwe hivyo," nilisema.

"Basi ilikuwa nini?"

Ndege ilikuwa inaitwa. Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema: ilikuwa vumbi la barabara, ilikuwa baridi, ilikuwa dume lile. Neno lolote kutoka kwa mtu wa chuo lingetosha. Nikasema tena lile neno langu safi.

"Sijue."

"Hapana, si kitu," akanifariji yeye. "Niko na furaha iliisha. Lakini sasa mimi ninajua."

Niliporudi tena likizo, shangazi alinipokea kwa habari zote za mtaa, waliooa, waliohama, na katikati yake akasema, "Na motari wetu, maskini, alipoteza mutoto." Nikamwuliza ilikuwaje. Mtoto alipata malaria, ile inayokula damu. Hospitali ikasema aongezewe upesi. Baba yake, motari mwenyewe, alikuwepo, mzima, na gurupu yake inafaa kwa mtu yeyote. Muuguzi alikuwa ameshaandaa sindano. Akakataa. Alisema yake haifai, ilishakaribia kuua mtu mzima, itamfanya nini mtoto mdogo? Walimwomba, walimfokea, mkewe alimpiga kifuani kwa ngumi. Akawasha pikipiki akaenda kumtafuta mdogo wake, nje ya mji. Alimleta. Walichelewa.

Nilikwenda kwenye kilio chao, ng'ambo ya mji, mahali ambapo sikuwahi kufika. Walinipa kiti. Mkewe hakunitazama. Motari mwenyewe alitoka nje akakaa nami kwenye ubao, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Pole," nikasema, na neno lilikuwa dogo mno.

"Kaka yako iko?"

"Iko. Anatembea. Anakusalimia."

"Vizuri. Ule moja aliishi." Akatazama mikono yake. "Batu hapa banasema nilikuwa mujinga. Banasema dokta alikuwa na haki. Lakini dokta alijuaje? Weye ulisoma, nilikuuliza mara mbili, na hukunidanganya. Ulisema haujue. Niliwaza: kama huyu hajue, basi kitu iko."

"Sikumaanisha hivyo," nikasema. "Kutojua kwangu hakukuwa na maana kwamba..."

"Najua, dada. Usilie kwa sababu yangu. Asante ulinisemea ukweli."

Hiyo asante nimeibeba tangu siku ile, na sijapata mahali pa kuitua. Nimejitetea mbele ya nafsi yangu kwa kila hoja ninayoijua. Sikumwambia akatae kutoa damu. Sikupika kile chakula. Nilisema ukweli. Lakini mtu anayezama akikuuliza kama mto una mwisho, nawe ukamjibu kwamba hujaupima, umesema ukweli na umemwachia maji. Ningeweza kusema: sijui, na kwa kuwa sijui, usijihukumu. Sentensi nusu tu ndiyo iliyokosekana. Au ningeweza kuchukua lile swali nikalihangaikia kama nilivyohangaikia maswali ya pasta, nikaenda maktaba, nikaandika barua, nikawasumbua maprofesa hadi wanifukuze. Sikufanya hivyo. Kaka alikuwa amepona, na swali halikuwa langu tena. Mimi mpenda maswali nilipenda yale ya kuwashinda watu.

Aliuza pikipiki akaenda Bambu kuchimba dhahabu. Mkewe alirudi kwao. Kaka alijaribu kumtafuta mara kadhaa, akitumia wachuuzi wanaopeleka nyama migodini. Waliomwona walisema yuko, halafu wakasema hawajamwona, halafu barabara ile ikaacha kupitika na amani yetu ile ikaonyesha ilivyokuwa nyembamba.

Jibu nililipata nikiwa mtu mzima, mbali na Bunia, nikiwafundisha wauguzi. Nilikuwa natayarisha somo la limfu, somo ambalo wanafunzi husinzia: yale maji meupe yanayokusanywa kutoka kwenye nyama za mwili kwa mirija myembamba na kurudishwa kwenye damu. Nilikuwa natafuta mfano wa kuwaamsha. Nikasoma jinsi utumbo ulionyimwa damu unavyoweza kuumiza mapafu, nikasimama, nikasoma tena nikiwa nimesimama.

Sikuamini mara moja. Hiyo ndiyo tabia yangu. Nilitafuta mahali pengine, nikatafuta wanaopinga. Ni kweli kwamba damu ya kuongezewa nayo inaweza kuumiza mapafu, lakini hilo hutokea ndani ya saa chache, na kaka alihema vizuri karibu siku mbili. Ni kweli pia kwamba mengi hayajulikani, na sehemu kubwa ya haya imeonekana kwa panya wa maabara kuliko kwa watu. Lakini panya hao, mrija wa limfu unaotoka tumboni ukifungwa kabla hawajatolewa damu, mapafu yao hubaki mazima.

Ninayajua haya sasa. Mtu akimwaga damu nyingi, mwili wake huunyima utumbo damu ili kuulisha moyo na ubongo. Utumbo uliokaa na njaa hiyo huumia, na huumia tena damu inaporudi, iwe damu hiyo imetoka kwa ndugu, kwa jirani, au kwa mwili wake mwenyewe. Kutoka katika majeraha yake hutoka sumu ambayo haifuati njia ya damu ya tumbo inayochujwa na ini. Hupanda na limfu, kwa mrija mmoja unaopita kifuani kando ya uti wa mgongo, huingia kwenye mshipa mkubwa chini ya shingo, upande wa kushoto, hupita moyoni, na kiungo cha kwanza inachokutana nacho ni mapafu. Kilichomchoma kaka mapafu kilitoka tumboni mwake mwenyewe, si mkononi mwa motari.